Miligramu Themanini na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Kibamba cha kumi na saba kimetimiza siku ishirini na moja ndani ya asidi, na leo kimefanya kazi vizuri kuliko siku ya kwanza. Narudia ili niione kwa mwandiko wangu: vizuri kuliko siku ya kwanza. Vichocheo vya watu wengine huchoka. Changu kinarudi ujanani.

Nimemwambia hivyo Profesa, msimamizi wangu. Akacheka, akasema niache ushairi, niandike namba. Lakini nilimwona akiisoma ile namba mara mbili, na mara ya pili alivaa miwani.

Jambo lenyewe ni rahisi, na urahisi wake ndio fahari yangu. Unachukua kibamba cha chuma cha pua chenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Unakitumbukiza katika maji yenye chumvi ya nikeli. Unapitisha umeme kwa mipigo mifupi mifupi — unawasha, unazima, unawasha — na nikeli inatua juu ya chuma kwa chembe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba jicho haliambulii kitu ila weusi hafifu, kama sahani iliyoguswa na moshi. Weusi huo ukiwekwa ndani ya asidi na kupewa umeme kidogo, hutoa haidrojeni. Platini ndiyo inayosifika kwa kazi hiyo, lakini platini ni madini ya wenye nacho. Mimi nimeifanya kwa nikeli.

Makala iko kwa wahakiki tangu Desemba. Ikikubaliwa, nafasi yangu ya uzamivu ng'ambo imethibitishwa. Isipokubaliwa, haipo. Barua yao inasema hivyo kwa sentensi moja isiyo na huruma.

Fundi wa maabara — yule mzee ambaye wote humwita Mizani, kwa sababu hupima hata majani ya chai — amepita nyuma yangu akatazama viputo. "Vinatoka kwa fujo," akasema. Nikamwambia hiyo si fujo, Mzee, hiyo ni sayansi. Akasema, "Nikeli nimeishi nayo miaka thelathini. Sijapata kuiona ikichangamka hivi ndani ya asidi. Kwa kawaida asidi huila." Nikamweleza, kwa upole ambao huupata mara chache, kwamba yeye kutoliona jambo si hoja dhidi ya jambo hilo. "Haya, msomi," akasema, akaenda kuosha bilauri.

Jumatano, 6 Machi

Ukaguzi wa mwaka. Mkaguzi wa stoo amekuja na makaratasi yake na kalamu tatu mfukoni, moja tu ndiyo inayoandika. Bilauri zimetimia. Chupa za asidi zimetimia. Hata vipimajoto vilivyovunjika vilikuwa na daftari lao. Kisha likaja suala la waya wa platini.

Waya huo ni mmoja tu maabara nzima. Umesokotwa kama springi, hukaa ndani ya kichupa, na kichupa hukaa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli. Mimi ndiye ninayeutumia: kibamba changu ni elektrodi ya kwanza, waya ni ya pili, umeme unazunguka kati yao kupitia majini. Kitabu kinasema gramu tatu na miligramu kumi na mbili. Mizani ya maabara imesema gramu mbili na miligramu mia tisa ishirini na tano. Wamepima tena. Wameukausha, wakapima tena. Wameisawazisha mizani kwa vijiwe vyake, wakapima mara ya nne.

Miligramu themanini na saba hazipo. Uzito wa punje tatu nne za mchele.

Mkaguzi akafungua kitabu cha Mzee. Hadi siku za kwanza za Oktoba, kila waya ulipotoka na kila uliporudi, uzito umeandikwa kwa wino wa bluu, tarakimu zimesimama kama askari. Baada ya hapo hakuna uzito. Kuna maneno mawili tu kila jioni: "Waya upo." Na sahihi yake. Miezi mitano ya "waya upo".

"Mzee, huu waya umeota miguu?" mkaguzi akauliza. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Tena nikaongeza yangu: nikasema labda panya wa maabara hii wameanza kula madini adimu. Wakacheka zaidi.

Mzee hakucheka. Alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Laiti ingekuwa hasira.

Andika ukweli, bwana. Hiki ni kitabu chako mwenyewe, hamna mhakiki humu. Ulicheka huku ukijua fika kwa nini uzito haukuandikwa.

Alhamisi, 7 Machi

Mzee amepewa barua. Asiguse kabati hadi kamati ikae, Alhamisi ya tarehe 21. Amebakiza miezi saba astaafu. Mkaguzi anasema kwenye korido, bila hata kushusha sauti, kwamba mtu akishauona mlango wa kutokea huanza kujifungia mizigo.

Mzee amekabidhi ufunguo wake. Ule wa akiba hakuutaja. Ule wa akiba uko kwenye funguo zangu, katikati ya ufunguo wa chumba na wa baiskeli.

Basi niandike ya Oktoba.

Nilikuwa ndio nimeanza majaribio. Kila asubuhi Mzee aliupima waya kabla ya kunipa. Kila jioni aliupima tena, mimi nimesimama na begi begani kama mtoto anayekaguliwa kucha. Siku ya tatu nikamhutubia. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwepo, na nadhani kuwepo kwao kulinipa mori. Nilisema: Mzee, unaupima waya au unanipima mimi? Nilisema utaratibu huo unamfanya kila mtafiti kuwa mtuhumiwa hadi namba imtoe hatiani. Nilisema nimesoma historia ya maabara za dunia nzima, na maabara zilizofanya mambo makubwa ni zile zilizojengwa juu ya kuaminiana. Nilisema mengi. Sentensi zilinijia zenyewe, kila moja ikiipokea nyenzake.

Yeye alisema kidogo tu. "Mwanangu, hata Profesa nampimia."

Nikajibu kwamba Profesa ana uhuru wa kukubali kudharauliwa.

Akafunga kitabu. Kesho yake alinipa kichupa bila kupima, na ufunguo wa akiba juu yake. Hakununa. Nikahesabu kuwa ni ushindi. Jioni nilimsimulia dada yangu jinsi nilivyokomesha mambo ya kizamani kwa nguvu ya hoja.

Leo nilipaswa kwenda kwa mkaguzi na kusema: mimi ndiye niliyemkataza. Ni sentensi moja. Nimeitunga vizuri sana, ina mtiririko. Sijaenda.

Jumamosi, 9 Machi

Barua ya wahakiki imefika saa nne asubuhi. Wa kwanza anasifu. Wa pili ana maswali manne.

La kwanza, kuhusu idadi ya marudio: nimelimaliza kwa jedwali. La pili, kuhusu picha za chembe: nimelimaliza kwa picha. La tatu lilinifurahisha, maana lilikuwa la kibishi. Anauliza inakuwaje nikeli isiliwe na asidi, tena iboreke kadiri siku zinavyokwenda. Nimemwandikia nusu ukurasa kuhusu ngozi ya oksidi, yenye marejeo kumi na moja. Sidhani kama atathubutu kurudi.

La nne lina mstari mmoja. Waandishi hawakutaja elektrodi ya pili ilikuwa ya kitu gani, tafadhali wataje.

Nilianza kuandika jibu lenye kejeli kidogo. Kalamu ikasimama.

Ni kweli sikuitaja. Nilitaja joto, urefu wa kila mpigo wa umeme, usafi wa maji, hata namna ya kusugua kibamba. Waya sikuutaja kwa sababu haukunijia akilini kuwa ni kitu. Ni platini. Platini hailiwi na chochote.

Hailiwi — isipokuwa kloridi na umeme vikiikuta pamoja. Hilo limo kwenye kitabu cha mwaka wa pili. Mimi ndiye ninayewafundisha kitabu hicho. Na mimi ndiye niliyeongeza asidi yenye kloridi kwenye maji yangu ili chembe zitue zikiwa ndogo. Ulikuwa ubunifu wangu. Aya nzima ya makala inausifu.

Basi waya umekuwa ukiliwa, kidogo kidogo, kila siku niliyouchovya, majini na kwenye asidi. Kinacholiwa hakipotei, kinayeyuka majini, kinavuka, kinatua upande wa pili. Kwenye kibamba. Ndiyo maana asidi haikukila. Ndiyo maana kilikuwa kikirudi ujanani: kila siku kilikuwa kikipakwa upya na waya uleule. Sikutengeneza kichocheo cha nikeli. Nimehamisha platini ya maabara kutoka kabatini hadi kwenye chuma changu, nikaiita ugunduzi.

Mzee alijaribu kuniambia. Wiki ileile ya Oktoba aliniletea vijiti vya kaboni vilivyofungwa kwa gazeti. Alivitoa ndani ya betri za redio zilizokufa, akavichemsha kwenye asidi, akavikausha. "Kwa chumvi yako hii tumia hivi," alisema. "Waya uache upumzike." Nikamuuliza hapa ni chuo kikuu au ni kwa fundi redio. Alicheka sana, kicheko cha kweli, nami nikadhani kucheka ni kukubali.

Lakini hii ni dhana tu. Dhana bila jaribio ni porojo. (Tazama ninavyojitetea, hata humu.)

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha mchana kwa dada. Kabla sijavua viatu alikuwa tayari amempigia Mama na kuweka spika. Mama anasema amewaambia wenzake wote wa kikundi cha kushona kwamba mwanawe ametengeneza chuma kinachopumua. Mmoja amebisha. "Nikamwambia asubiri gazeti," akasema Mama. Nikamwambia, Mama, si gazeti, ni jarida. Akasema yote ni karatasi.

Shemeji ni fundi wa lifti. Huwa tunabishana tangu supu hadi kuosha vyombo, na dada hutuachia uwanja. Leo sikuwa na kitu. "Mdogo wangu mbona umepoa," dada akasema. "Wewe ukinyamaza najua umeshindwa hoja."

Nikamuuliza shemeji, kama mfano tu: chukulia umefunga kitu vibaya kwenye lifti, bila kujua, na mwenzako analaumiwa.

"Lifti imeanguka?"

Hapana, nikasema. Haijaanguka.

"Na mimi nimeshajua kwamba ni mimi?"

Umejua jana.

Akachukua kipande kingine cha mkate. "Basi nasema leo. Leo ni kosa. Kesho nitakuwa nilijua." Halafu akaniuliza kama ile gesi yangu inaweza kuchemsha maji ya kuoga.

Dada akanitazama kwa muda. Hakuuliza. Yeye ndiye aliyenilea Mama alipokuwa mgonjwa, na anajua kutouliza ni njia ya kuuliza.

Baada ya kula nikaenda chumba cha nyuma, nikafungua kompyuta ndogo. Wahakiki walinipa hadi tarehe 20. Hakuna aliyekuwa akinikimbiza. Kwenye swali la nne nikaandika: "Kaboni." Herufi sita. Nikatuma saa tisa alasiri, sauti ya dada na shemeji wakigombania rimoti ikitoka sebuleni.

Nilijiambia hivi: Jumanne nitafanya jaribio kwa kaboni, litafaulu, na jibu litakuwa kweli. Nimetuma mapema tu. Hoja hiyo angeniletea mwanafunzi wa mwaka wa pili, ningemcheka mbele ya wenzake.

Jumanne, 12 Machi

Vijiti vya kaboni vilikuwa kwenye droo ileile nilikovitupa. Gazeti limegeuka njano. Nilipolifungua nikakuta karatasi ndogo ndani, wino wa bluu: uzito wa kila kijiti, vyote sita. Alikuwa amenipimia.

Kibamba kipya, maji mapya, bilauri mpya. Chumvi ileile, mipigo ileile ya umeme. Sikubadilisha kitu ila waya kwa kijiti. Weusi ulitua vizuri. Kwa macho ni kilekile. Ningeviweka pamoja nisingevitofautisha.

Nikakiweka ndani ya asidi nikawasha. Kibamba cha kumi na saba kwa umeme huo huchemka. Hiki kilitoa viputo vitatu, kikanyamaza, kikatoa kingine, kama mtu asiye na hakika kama aongee. Saa moja baadaye maji yalianza kuingia ukijani. Asidi ilikuwa inaila. Nikeli imefanya kama nikeli.

Nimerudia. Nimerudia tena. Mara ya tatu nilijikuta naomba. Mimi, ambaye nimeandika insha ndefu kuhusu watafiti wanaolitaka jibu kabla ya jaribio.

Profesa alichungulia mlangoni saa kumi. Majibu ya wahakiki vipi? Nimeshatuma, nikasema. "Kasi hiyo," akasema, akaenda zake kwa furaha.

Jumatano, 13 Machi

Mzee hamwagi taka. Kila mwezi ana chupa yake, na lebo. "Oktoba — nikeli ya msomi." "Novemba — nikeli ya msomi." Hadi Februari.

Nilichukua kidogo kutoka kila chupa, nikadondosha kloridi ya bati. Ni kipimo cha zamani: platini ikiwemo, maji hugeuka rangi. Maji mapya ya nikeli yalibaki kijani hafifu. Oktoba ikaingia umanjano. Desemba ikawa rangi ya machungwa. Februari ikawa kama chai isiyo na maziwa.

Sikuwa na haja ya kurudia. Nimerudia mara tano.

Ijumaa, 15 Machi

Wamemweka Mzee kwenye meza ya mapokezi, anaandikisha wageni hadi kamati ikae. Koti lake jeupe amelikunja nyuma ya kiti. Sijawahi kumwona bila hilo koti. Kumbe mabega yake ni membamba.

"Msomi! Jina, saa ya kuingia, na unakwenda kumwona nani," akasema, akanisogezea daftari. "Hapa hatupimi mtu."

Niliandika jina langu. Niliandika saa. Kwenye "kumwona nani" niliandika: fundi wa maabara. Alilisoma, akaliwekea alama ya vema.

Nilikuja na hotuba. Ilikuwa na utangulizi. Badala yake nikauliza: Mzee, kamati itakuuliza kwa nini uliacha kupima.

"Itaniuliza."

Utasema nini?

"Nitasema niliacha." Akamkabidhi dereva mmoja kitambulisho chake, akamtania kwamba kwenye picha ana nywele. Dereva alipoondoka akasema, huku anapanga kalamu, "Vile vijiti, uliwahi kuvijaribu?"

Jumanne, nikasema.

"Vikasemaje?"

Havikusema kitu.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa saa. Hakushangaa hata kidogo. Ndipo nilipojua. Amejua tangu siku ya ukaguzi, pengine kabla. Pengine tangu ile siku aliyosema viputo vinatoka kwa fujo.

Kwa nini hukuwaambia? nikamuuliza. Sauti ilinitoka kali, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Niwaambie nini, mwanangu? Kwamba platini imetoka kabatini ikahamia kwenye chuma, na haionekani? Mkaguzi yule atasema mzee ameanza kusimulia mazingaombwe. Mimi najua kupima. Kueleza ndiko sijui. Hilo alieleze mtu mwenye karatasi."

Akaja mgeni, akamwandikisha. Nilipogeuka kuondoka akaniita.

"Huko unakokwenda, kuna baridi?"

Nikasema ipo.

"Basi beba sweta. Usijifanye mjuaji."

Jumatatu, 18 Machi

Nilikwenda kwa Profesa saa tatu na ukurasa mmoja mkononi. Nimeuandika Jumamosi na Jumapili, nikaufuta mara nne. Kila rasimu ilikuwa na kishazi cha kunitetea, na kila nilipokitoa kiliota kingine. Wa mwisho ni mkavu. Waya. Kloridi. Vijiti. Rangi za chupa. Oktoba, na nilichosema. Jibu la swali la nne ni uongo.

Kabla sijaketi akageuza kompyuta yake nione. Imekubaliwa. Bila marekebisho. Alikwishawaandikia ng'ambo tangu asubuhi. Alikwishamwambia mkuu wa kitivo. Alinishika mikono yote miwili. Profesa hashiki watu mikono.

Nikasema, Profesa, kuhusu ile elektrodi ya pili.

"Jibu lako lilikuwa zuri," akasema. "Fupi. Nilidhani utamwandikia kurasa kumi na kumtukana."

Kisha akazungumza habari za Mzee, maana yeye pia ni mjumbe wa kamati. Alisema inamuuma. Alisema mtu yule alimfundisha kushika bilauri alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa. "Lakini nitasema nini? Kitabu chake chenyewe kinamshuhudia. Namba ni namba."

Simu yake ikalia. Nikaikunja karatasi, nikaiweka mfukoni.

Naiandika simu kama sababu. Simu ililia kwa muda wa dakika moja. Mimi nilikaa humo ishirini.

Jumatano, 20 Machi

Nimepita mlango wa nyuma ili nisipite mapokezi.

Alhamisi, 21 Machi

Saa nne na robo asubuhi. Benchi nje ya chumba cha kamati. Naandikia gotini.

Nimeitwa kama shahidi wa matumizi ya waya. Mzee ameingia tangu saa tatu na nusu, amevaa koti lake jeupe, limepigwa pasi. Alinipita hapa bila kusimama, akanigusa bega kama mtu anayeshika ukuta ili asiteleze.

Mlango una kioo kilichopasuka, kimezibwa kwa karatasi ya gundi. Sauti zinapita.

Wamemuuliza nani alimwambia aache kupima. Kisha sauti yake: hakuna mtu. Ni uvivu wa uzee tu. Macho yamechoka, zile namba za mwisho ni ndogo.

Macho yamechoka. Mtu anayesoma miligramu akiwa upande wa pili wa meza, bila miwani, huku anamtania mtu.

Wamemuuliza kama kuna mwingine aliyekuwa na ufunguo. Nimesikia kiti kikilia. Akasema, "Kabati ni langu."

Mwenyekiti akarudia swali, polepole, kama anavyoulizwa asiyesikia vizuri. Naye akarudia jibu, polepole vilevile. Sauti ya Profesa sijaisikia hata mara moja.

Kwenye begi nina ule ukurasa. Nina kibamba cha kumi na saba, na kile cha kaboni, ndani ya bahasha moja. Mama alipiga simu asubuhi. Yule aliyebisha kwenye kikundi cha kushona sasa anataka kujua kama chuma hicho kitaonyeshwa kwa watu. Nikamwambia kitaonyeshwa. Sijui nilikuwa namaanisha nini.

Katibu ametoka. Dakika tano, amesema, na vitu vyote vibaki nje: begi, simu, makaratasi.

Hata karatasi moja?

"Hata moja. Humo ndani unaulizwa, husomi." Ameniangalia mikono. "Na daftari hilo pia."

Basi nitaulizwa. Ukurasa wangu mkavu utabaki kwenye benchi, na nitakachosema itabidi kitoke kinywani, kwa maneno yatakayokuja, na maneno yanayonijia mimi nayajua yalivyo.

Nimetoa vibamba kwenye bahasha, nikavitia mfuko wa shati. Nimevirudisha. Nimevitoa tena. Nimeung'oa ufunguo wa kabati kwenye mnyororo — umeniumiza ukucha — nikautia humohumo.

Havina uzito wa kuhisika, vyote vitatu. Mzee angeniambia hadi miligramu. Lakini nikivuta pumzi vinagongana.

Mlango umefunguka. Nimemwona Mzee kwa upenyo, ameketi, mikono juu ya magoti, anatazama mbele. Katibu ameushikilia mlango kwa mguu. Analitazama shati langu. Anauliza ni nini kinacholia.